Mzazi anapobeba vilio vya kambini hadi nyumbani

Saa 12 jioni gari la ofisi linamshusha mama mbele ya nyumba, mjini Kasulu. Watoto wanamkimbilia. Mdogo anamshika miguu. Mkubwa, binti wa miaka 12, anampa shikamoo na kumpokea mkoba. Mama anaitikia huku akipita, anaingia chumbani na kukaa kitandani bila kuvua viatu.

Muda mfupi baadaye baba anamtuma binti akanunue chumvi duka la jirani, nyumba ya nne kutoka pale. Kabla hajafika mlangoni, mama ametoka chumbani mbio.

"Nani kakuruhusu utoke? Saa hizi?"

Binti anaganda, sarafu mkononi. Nje jua bado halijazama.

Baba hasemi neno. Anakumbuka kwamba mwaka jana binti huyu alikuwa akienda dukani peke yake na hakuna aliyeona ajabu. Mwaka jana mama alikuwa akiwasimulia vichekesho vya kwenye gari la ofisi wakati wa kula. Siku hizi anakula matonge mawili na kusema ameshiba. Usiku anaamka kuhakikisha dirisha la watoto limefungwa, anarudi kulala, kisha anaamka tena.

Ndugu wana maelezo yao. Shangazi wa watoto anasema mshahara umempanda kichwani. Bibi anashuku mkono wa mtu. Baba naye, anapokuwa peke yake, anajiuliza kama bado anapendwa.

Nyumba hii ni ya mfano, lakini kila kinachotokea ndani yake ni dalili ambayo wataalamu wameieleza kwa miaka mingi. Mama huyu ni mkalimani katika kambi ya wakimbizi. Hajawahi kukimbia vita wala kuchomewa nyumba. Kazi yake ni kuwasikiliza waliopitia hayo, siku baada ya siku, na kuyarudia maneno yao kwa sauti. Kinachomsumbua kinaitwa kiwewe cha pili.

Jeraha linaloingia kwa masikio

Kiwewe tunakifahamu. Ni jeraha la nafsi linalompata mtu aliyeponea chupuchupu, aliyebakwa, aliyeona ndugu yake akiuawa. Kiwewe cha pili humpata yule anayemsaidia mtu huyo. Anasikia, anaona picha akilini, na baada ya muda mwili wake unaanza kuitika kana kwamba mkasa ulimpata yeye.

Mmoja wa waliolieleza jambo hili kwa kina ni Charles Figley, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye mwenyewe alikuwa askari katika vita ya Vietnam. Mwaka 1995 alitoa kitabu kuhusu alichokiita uchovu wa huruma. Hoja yake ni kwamba huruma ina gharama. Ili umsaidie mtu aliyeumizwa inabidi ujiweke mahali pake kidogo, na hapo ndipo maumivu yake yanapopata njia ya kuingia kwako.

Mwaka 2013 wataalamu wa magonjwa ya akili wa Marekani walitoa toleo la 5 la mwongozo wao wa utambuzi wa maradhi. Humo walikubali kwamba mtu anaweza kupata ugonjwa wa kiwewe kutokana na kazi inayomkutanisha mara kwa mara na undani wa mikasa ya watu wengine. Mojawapo ya mifano waliyotoa ni polisi wanaosikiliza tena na tena habari za ukatili waliofanyiwa watoto.

Kwa hiyo mtu anayeugua kwa kusikiliza hajidekezi. Ameumia kazini, kama fundi aliyeangukiwa na tofali.

Tusichanganye hili na uchovu wa kawaida wa kazi. Uchovu wa kazi huja taratibu kwa sababu ya mafaili mengi, bosi mkali au mshahara mdogo, na likizo husaidia sana. Kiwewe cha pili kinaweza kuja ghafla, hata baada ya kisa kimoja, na likizo peke yake huenda isikifute. Mtu anaweza kuwa Dar es Salaam harusini, watu wanacheza, na picha ya mtoto aliyesimuliwa wiki tatu zilizopita ikamjia katikati ya muziki.

Kigoma, ambako lugha haina ukuta

Mkoa wa Kigoma una historia ndefu ya kupokea wageni wanaokimbia. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita vya mashariki mwa nchi yao. Mwaka 2015 machafuko ya kisiasa ya Burundi yalisukuma kundi jingine kubwa. Mwezi Mei mwaka huo maelfu ya watu walijazana katika kijiji cha Kagunga, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Kipindupindu kikaingia, na meli kongwe ya MV Liemba ikatumika kuwasafirisha hadi Kigoma mjini. Kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa upya mwaka huohuo, na ya Mtendeli, wilayani Kakonko, ikafuata Januari 2016 kabla ya kufungwa mwaka 2021.

Nyuma ya kila kambi kuna mamia ya Watanzania waliopata ajira humo: wauguzi, walimu, maofisa ustawi wa jamii, wanasheria, walinzi, madereva na wakalimani. Wengi ni wenyeji wa mkoa huohuo.

Hapa ndipo hali ya Kigoma inapotofautiana na kambi nyingi duniani. Kwingineko, mfanyakazi na mkimbizi hutenganishwa na lugha. Kisa hupita kwanza kwa mkalimani, kikapoa kidogo njiani, ndipo kikamfikia anayeandika. Kigoma hakuna ukuta huo. Mkongo wa Fizi au Uvira anasimulia kwa Kiswahili. Mrundi anasimulia kwa Kirundi, lugha iliyo karibu sana na Kiha kiasi kwamba Muha na Mrundi huelewana bila kufundishana. Mtoto ni umwana huku na umwana kule.

Kwa hiyo Muha anayesikiliza mkasa wa mama wa Kirundi anausikia kwa maneno yaleyale ambayo mama yake mzazi alimbembelezea akiwa mdogo, na ambayo jioni atawaitia wanawe waje kula. Faida ya ukaribu huu ni kubwa kwa mkimbizi, kwa sababu anaeleweka. Lakini anayemwelewa hana pa kujikinga.

Kwa mkalimani kuna jambo la ziada. Kanuni ya kazi yake inamtaka azungumze kwa nafsi ya kwanza. Mkimbizi akisema, "Walinifunga mikono," mkalimani hasemi, "Anasema walimfunga." Anasema, "Walinifunga mikono." Kanuni hiyo ina sababu nzuri, maana inazuia kisa kupotoshwa. Ila fikiria mdomo unaosema "mimi" mara 40 kwa siku, na kila "mimi" ni ya mtu aliyeteswa. Mahojiano yakiisha, mwanasheria ana maandishi na mshauri ana mpango wa matibabu. Mkalimani anaitwa chumba kinachofuata.

Wengine wanaosahaulika

Tukizungumzia jambo hili, mawazo yetu huenda kwa mshauri nasaha au daktari. Hao angalau wamefundishwa kwamba kusikiliza kunachosha. Wapo wengine ambao hakuna anayewafikiria.

Yupo karani anayechapa maelezo ya waathirika wa ukatili wa kijinsia. Yupo dereva anayempeleka hospitali mama aliyejifungulia njiani, na mwalimu ambaye mwanafunzi wake wa darasa la 2 kila akipewa penseli anachora bunduki. Yupo pia mlinzi wa mlango wa kupokelea wageni wapya, ambaye ndiye uso wa kwanza ambao mkimbizi anauona akiwa bado na vumbi la safari.

Wapo pia wakimbizi wenyewe. Huduma nyingi za kambini, kuanzia uhamasishaji wa afya hadi usaidizi wa watoto waliopotezana na wazazi, hufanywa na wakimbizi wanaolipwa posho. Hawa hubeba mzigo mara mbili. Anayesimuliwa kwamba kijiji kimechomwa huenda naye alitoka kijiji cha jirani. Jioni hapandi gari la ofisi kwenda mjini, analala nyumba ya tatu kutoka kwa aliyemsimulia.

Na hili si jambo la jana. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka mpaka wa Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa takriban siku moja. Wauguzi, wapishi na wachimba makaburi waliowahudumia wakiwa vijana, leo ni watu wazima wenye wajukuu. Kitabu cha Figley kilikuwa bado hakijatoka. Huenda ukawa na baba au mama mkwe ambaye hadi leo hataki kuzungumzia mwaka ule. Sasa unaweza kukisia sababu.

Dalili mnazoziona ninyi wa nyumbani

Mwenye kiwewe cha pili mara nyingi ndiye wa mwisho kujua. Kazini anaonekana hodari. Mabadiliko huonekana kwanza nyumbani, na ninyi mnaoishi naye ndio mnaoweza kuyatambua. Angalieni haya.

Usingizi umebadilika. Anaogopa kulala, anashtuka, au anaota ndoto za mikasa ambayo haikumpata yeye.

Anaruka kwa sauti ndogo. Sufuria ikianguka jikoni, anageuka kama aliyepigwa.

Amekuwa mkali kwa mambo madogo, kisha analia peke yake. Au kinyume chake: hacheki, hakasiriki, hata msibani macho yamekauka.

Ulinzi wake kwa watoto umepita kiasi. Haamini jirani, mwalimu, bodaboda wala mjomba wa watoto. Amesikia maovu mengi hata dunia nzima anaiona hivyo.

Anajilaumu kwa kuishi vizuri. Mezani kuna ugali, mgebuka na mboga, naye anawaza foleni ya mgawo wa chakula aliyoiacha mchana. Akimnunulia mtoto viatu vipya, anaumia badala ya kufurahi.

Anaukwepa mwili wa mwenzake. Hili wanandoa wengi hawalisemi. Mtu anayesikiliza visa vya ubakaji mchana kutwa anaweza kushindwa kuguswa usiku, hata na mume au mke anayempenda. Mwenzake akikosa maelezo, atajijazia yake, na mara nyingi atahisi kuna mtu wa nje.

Amezidisha pombe, au kazi. Anakubali zamu za ziada, maana akiwa kambini angalau anajua afanye nini.

Dalili moja kwa siku mbili haimaanishi ugonjwa. Nyingi kwa pamoja, wiki baada ya wiki, si tabia mbaya wala uchawi.

Watoto nao wanapata sehemu yao. Mtoto hajui maana ya ukimbizi, lakini anajua mama siku hizi hapigi soga. Watoto wadogo huamini kwamba wao ndio sababu ya kila kinachoharibika nyumbani. Yule binti aliyeganda na sarafu mkononi hakujifunza kwamba mama yake anaumwa. Alijifunza kwamba kwenda dukani ni kosa.

Sema uzito, acha kisa

Tatizo kubwa la nyumba hizi ni ukimya, na ukimya huo una sababu ya haki. Mfanyakazi wa wakimbizi amekula kiapo cha kutunza siri. Jina la mtu likivuja, maisha yake yanaweza kuwa hatarini. Pia hataki kumwagia mwenzake picha zinazomtesa yeye. Kwa hiyo anafunga mdomo kabisa, na nyumba inabaki na fumbo.

Lakini kisa na uzito wake ni vitu viwili. Kisa ni cha mkimbizi, nacho kibaki ofisini. Uzito ni wa kwako, na unaweza kuusema. "Baba watoto, leo nimesikiliza jambo zito sana. Siwezi kulieleza. Sijakukasirikia. Nipe nusu saa." Maneno hayo hayavunji siri ya mtu yeyote, na yanamwondolea mwenzako usiku mzima wa kujiuliza.

Kwa mume au mke: usidai kisa. "Niambie, walifanya nini?" ni swali linalomrudisha kwenye chumba alichotoka. Uliza, "Leo ilikuwa nzito?" Akisema ndiyo, mletee maji ya kuoga. Usimwambie aache kazi siku hiyohiyo, wala usimwambie "si uzoee tu." Na usiwaachie ndugu waendelee kumjadili. Shangazi akisema ni mshahara, wewe ndiye wa kusema, "Hapana, kazi yake inaumiza, na mimi naijua."

Kwa watoto: waambiwe kwa kipimo cha umri wao. Mtoto wa miaka 6 anatosheka na, "Mama anawasaidia watu waliopata huzuni, na wakati mwingine huzuni hiyo inamchosha. Wewe hujakosea." Mwenye miaka 12 anaweza kuelezwa kwamba kusikiliza mambo mabaya kila siku humfanya mtu aone hatari hata pasipo na hatari. Ukishamfokea bila sababu, rudi kwake umwombe radhi. Haikupunguzii heshima.

Kwa mwenye kazi: weka mpaka kati ya kambi na nyumba, hata kama ni mdogo. Wengine hushuka gari kabla ya kufika na kutembea dakika 15. Wengine huoga na kubadili nguo kabla ya kukaa na watoto. Bustani, kwaya, mpira wa jioni, swala ya pamoja au kusuka nywele za binti huurudisha mwili mahali ulipo. Zima simu ya kazi usiku kama si zamu yako.

Na mazoea ya nyumbani yana nguvu kuliko yanavyoonekana. Chakula cha pamoja saa ileile, mtoto yuleyule kuleta maji ya kunawa, habari zilezile za shule. Mtu ambaye mchana kutwa amesikia jinsi nyumba zilivyovunjika anahitaji kuiona yake ikiwa imesimama.

Mwajiri naye ana wajibu

Familia haiwezi kubeba peke yake jeraha lililotokea kazini. Miongozo ya kimataifa ya huduma za afya ya akili wakati wa dharura, iliyotolewa mwaka 2007 na kamati ya pamoja ya mashirika ya misaada, inayataka mashirika yazuie na kushughulikia matatizo ya afya ya akili ya wafanyakazi na wanaojitolea. Mwajiri asiyefanya hivyo hatimizi wajibu wake.

Kuna mambo ya kuuliza ofisini bila kuona aya. Je, visa vizito vinagawanywa, au kila siku anavipokea mtu yuleyule kwa sababu ni mpole? Je, mkalimani anapata dakika 10 kati ya mahojiano mawili? Je, kuna kikao cha mara kwa mara ambapo wafanyakazi wanazungumza na msimamizi mwenye ujuzi kuhusu kinachowalemea, na je, dereva na karani wanaitwa?

Likizo pia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za mapumziko kwa mwaka. Katika kazi hii likizo ni dawa. Usiiuze wala kuiahirisha.

Lipo pia dodoso la bure linalotumika katika nchi nyingi, lenye maswali 30 kuhusu siku 30 zilizopita, lililotungwa na mwanasaikolojia Beth Hudnall Stamm. Linapima mambo matatu: kuridhika kunakotokana na kusaidia, uchovu wa kazi na kiwewe cha pili. Haliwi badala ya daktari, lakini kundi la wafanyakazi likilijaza kila baada ya miezi kadhaa, mtu anayezama huonekana mapema.

Lini muende hospitali

Dalili zikizidi mwezi mmoja, au zikimzuia kufanya kazi, kulala au kulea, nendeni hospitali. Anzieni hospitali ya wilaya, au ya rufaa ya mkoa, kama Maweni kwa walio Kigoma, na mseme wazi kwamba mnahitaji huduma ya afya ya akili. Ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri anaweza kuwaelekeza. Mchungaji, padri au shehe anayejua kusikiliza ni msaada, mradi asiwazuie kumwona mtaalamu.

Msisubiri mwezi kama anasema afadhali afe, kama hawezi kupitisha siku bila pombe, au kama ameanza kuwapiga watoto. Nendeni siku hiyo, na asiachwe peke yake.

Wengi hupona, na wengi huendelea na kazi. Mwaka 2007 watafiti walichapisha matokeo ya mazungumzo yao na wataalamu wa saikolojia nchini Colombia waliokuwa wakiwahudumia wahanga wa ukatili wa kisiasa. Waligundua kwamba wataalamu hao hawakuchukua maumivu tu kutoka kwa wagonjwa wao. Walichukua na ujasiri. Kumwona mtu aliyepoteza kila kitu akianza tena kuliwapa nguvu katika maisha yao wenyewe. Ila mtu aliyelemewa hawezi kuyaona hayo mpaka apate pa kutua mzigo.

Turudi Kasulu. Baba amesoma makala kama hii kwenye simu. Jioni mama anashuka kwenye gari, anaingia chumbani, anakaa kitandani. Safari hii baba anamfuata na kumuuliza, "Leo ilikuwa nzito?" Mama anatikisa kichwa kukubali. Hasemi zaidi ya hapo. Baba anamletea maji ya kuoga na kuwaambia watoto wamsubiri.

Wiki chache baadaye chumvi imekwisha tena. Binti anamtazama mama kwanza. Mama anasimama kwenye kizingiti, anapumua, anasema, "Nenda, mwanangu. Nitakusubiri hapa." Anabaki mlangoni akihesabu nyumba hadi ya nne, na haondoki mpaka binti anaporudi na chumvi.